Zege la mfuko mmoja: mwongozo kamili wa kuchanganya kwa beleshi

Si kila kazi ya zege inahitaji mashine ya kukorogea. Nguzo chache za uzio, sakafu ya kufulia kando ya bomba, ngazi mbili za mlangoni, kitako cha tangi dogo: kwa kazi za namna hii, kukodi mashine na kuisafirisha kunaweza kugharimu kuliko saruji yenyewe. Beleshi linatosha. Na zege la mkono likipimwa na kutunzwa sawasawa linadumu miaka mingi. Kinachoniuma ni kuona watu wananunua saruji nzuri kwa fedha ya jasho, kisha sakafu inaanza kutoa vumbi kabla mwaka haujaisha, lawama zote zikaenda kwa saruji. Mara nyingi saruji haina kosa. Maji yaliongezwa kila beleshi lilipokuwa zito, na vipimo vikabadilika katikati ya kazi.

Tutafanya kazi moja kutoka mwanzo hadi mwisho: sakafu ya kufulia yenye urefu wa mita 1.4, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 10. Inakaa juu ya ardhi iliyoshindiliwa, kwa hiyo haihitaji nondo, na inatumia karibu mfuko mmoja wa kilo 50. Ukiielewa hii, nyingine utazipigia hesabu mwenyewe.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Zidisha urefu kwa upana kwa unene, vyote kwa mita: 1.4 × 1 × 0.10 ni mita za ujazo 0.14, yaani lita 140 za zege lililokamilika.

Usidhani lita 140 za viungo vikavu zitatoa lita 140 za zege. Kati ya kokoto na kokoto kuna uwazi, mchanga huingia humo. Kati ya punje za mchanga kuna uwazi mdogo zaidi, saruji na maji huingia humo. Ndiyo maana rundo kubwa likishachanganywa linanywea. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha ujazo wa zege kwa 1.54 ili upate ujazo wa viungo vikavu.

Mfuko wa kilo 50 una saruji ya takriban lita 35. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne (saruji sehemu 1, mchanga 2, kokoto 4) utahitaji mchanga lita 70 na kokoto lita 140. Jumla ni lita 245, na zikishachanganywa unapata zege la lita 155 hadi 160. Sakafu yetu inataka 140. Zinazobaki ni za kumwagika, za kubaki kwenye vyombo, na za ardhi ambayo haikuchimbwa sawa kama ulivyodhani.

Moja kwa mbili kwa nne ndiyo ya kazi nyingi za nyumbani, nayo hula mifuko kama 6.5 kwa mita moja ya ujazo. Zege la chini ya msingi, lile la kusafisha tu kitako kabla ya ujenzi, linaweza kuwa moja kwa tatu kwa sita, mifuko kama 4.5. Zege lenye nondo, kama lenta (mhimili wa juu ya milango na madirisha) au mfuniko wa shimo, ningelifanya moja kwa moja na nusu kwa tatu, mifuko kama 8. Wahandisi wengi pia huongeza saruji kwa karibu asilimia 10 pale zege linapochanganywa kwa mkono, kwa sababu beleshi halichanganyi kwa usawa kama mashine. Ni tahadhari nzuri, hasa kama wasaidizi wako hawajazoea kazi.

Saruji

Gusa mfuko kabla hujaulipia. Pembe ziwe laini. Kama zimekuwa ngumu kama jiwe, saruji imeshakunywa unyevu. Ukifungua ukakuta madonge, yaminye kwa vidole. Yanayosagika mara moja kuwa unga si tatizo. Yasiyosagika yamekwisha kushika, hata uyaponde kwa nyundo hayarudishi nguvu, na kuyachekecha ili utumie unga uliobaki ni kujidanganya, maana hata huo unga umeshapungua nguvu.

Nyumbani iweke juu ya chaga au mbao, mbali na ukuta, na uifunike kwa nailoni. Saruji iliyokaa miezi mitatu hasa mahali penye joto la pwani haitegemewi tena kama mpya. Nunua karibu na siku ya kazi.

Kwenye mfuko utaona namba 32.5 au 42.5. Zinaeleza nguvu ya saruji baada ya siku 28. Kwa sakafu yetu 32.5 inatosha kabisa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mifuko mingi ya 32.5 katika nchi zetu ina mchanganyiko wa pozolana (unga wa madini kama majivu ya volkano) au mawe ya chokaa yaliyosagwa. Si saruji mbaya, ila zenye pozolana au majivu hujenga nguvu polepole, kwa hiyo zinataka kumwagiliwa siku nyingi zaidi. Tutafika huko.

Mchanga, ambako kazi nyingi huharibikia

Chukua mchanga wa mto au wa shimo wenye punje kubwa na ndogo zilizochanganyika, unaokwaruza ukiusugua viganjani. Mchanga laini kama unga wa muhogo ni wa kupiga plasta, na hata huko una masharti yake.

Kwanza pima udongo uliomo. Chukua chupa angavu, tia maji yenye chumvi kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Tia mchanga hadi ufike karibu nusu ya chupa, tikisa kwa nguvu, iweke mahali patulivu kwa saa tatu. Mchanga utatua chini, na juu yake utaona tabaka laini la udongo. Pima kwa rula. Tabaka hilo likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, tafuta mchanga mwingine au uuoshe. Udongo huzunguka punje na kuzuia saruji isizishike. Zege la mchanga mchafu linaweza kuonekana zuri siku ya kwanza kisha likabanduka kama maganda.

Kwa tunaoishi pwani: mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege lenye nondo. Chumvi yake hula chuma, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Ukitaka kuona madhara yake, angalia nyumba zilizo karibu na bahari ambazo lenta zake zimepasuka na nondo nyekundu imechungulia nje. Hayo hayo ni kwa maji ya bahari na maji ya visima vyenye chumvichumvi. Ukiyaonja ukaona huwezi kuyanywa, usiyachanganyie zege la nondo.

Sasa unyevu, jambo ambalo wengi hawalipi uzito. Mchanga mkavu na mchanga uliolowa kidogo havijai ndoo kwa namna moja. Unyevu huzitenganisha punje, mchanga huvimba, pengine kwa robo nzima. Ndoo inaonekana imejaa kumbe mchanga halisi ni pungufu. Jaza chombo chenye kuta zilizonyooka mchanga wako wenye unyevu hadi sentimita 20 bila kuushindilia. Umimine kando, tia maji kwenye chombo hicho, kisha urudishe mchanga ukiukoroga hadi uzame wote. Ukitulia utaona umeshuka. Ukikomea sentimita 16, maana yake ulivimba kwa robo, na kila mahali hesabu inaposema ndoo nne za mchanga wewe utie tano.

Unyevu huo huo pia ni maji. Lita 35 za mchanga zina uzito wa kilo kama 50. Zikiwa na unyevu wa asilimia 5 tu, tayari kuna lita 2.5 za maji rundoni kabla hujafungua bomba. Ndiyo maana kipimo cha maji kilichofaa jana juani hakifai leo baada ya mvua.

Kokoto

Robo tatu ya inchi, yaani milimita 20, ndiyo kubwa ya mwisho kwa unene wa sentimita 10. Ukipata mchanganyiko wa robo tatu na nusu inchi ni bora zaidi, kwa sababu ndogo huziba nafasi za kubwa. Kokoto za mwamba mgumu, kama zinazotoka Lugoba kuja Dar es Salaam, zina kingo kali na saruji huzishika vizuri. Kokoto za kugongwa kwa nyundo zinafaa pia, ila zichekeche, maana ndani yake mna mawe makubwa na vumbi jingi. Vumbi hunywa maji na kukushawishi uongeze mengine.

Pwani na visiwani watu hutumia kokoto za mawe ya matumbawe. Wazee wetu wa Kilwa Kisiwani walijenga kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na kuta zao bado zimesimama. Lakini kuta hizo ni nene na hazina chuma ndani. Kokoto za matumbawe zina vitundu, hunywa maji, na ni dhaifu kuliko za mwamba. Kwa sakafu ya kufulia zitafaa ukizilowesha kwanza. Kwa nguzo na lenta hapana.

Vifaa

Mabeleshi mawili ya mdomo bapa, ndoo mbili za lita 10 (moja ya viungo vikavu, moja ya maji), karai au toroli, mwiko, kibao cha kusawazishia, ubao ulionyooka wenye urefu unaozidi upana wa sakafu, kipande cha nondo cha kushindilia, pimamaji, nailoni na magunia. Glavu za mpira na buti za mpira si anasa. Zege bichi lina magadi makali yanayounguza ngozi polepole bila kukushtua; mtu hupiga magoti juu yake saa nzima, jioni anakuta vidonda. Likikurukia jichoni osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20 mfululizo, kisha nenda kituo cha afya. Wakati wa kumimina saruji kavu funika pua na mdomo.

Ndoo yenyewe ihakiki. Zipo zinazouzwa kama za lita 10 nazo si za lita 10. Jaza maji kwa chupa ya ujazo unaojulikana, piga alama kwa rangi au msumari pale lita 10 zinapofika, na alama hiyo iwe ndiyo kikomo chako hadi mwisho wa kazi. Atakayekuwa na mifuko mingi agonge sanduku la mbao lisilo na kitako, ndani sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Hilo ni lita 35 kamili, sawa na mfuko mmoja.

Beleshi lisitumike kupimia. Mchanga wenye unyevu hulundikana juu yake, saruji kavu huteleza, kokoto huporomoka. Beleshi moja la hiki si sawa na beleshi moja la kile, na aliyechoka hachoti kama alivyochota asubuhi.

Andaa mahali kwanza

Zege likishachanganywa halisubiri, kwa hiyo maandalizi yaishe kabla ya kufungua mfuko. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chimba, tandaza kifusi kigumu au moramu sentimita 10, shindilia hadi kisigino cha buti kisiache alama. Zungushia mbao za inchi moja kwa nne; upana wake ndio unene wa sakafu. Zikaze kwa vigingi kwa nje. Kwa pimamaji hakikisha sakafu inainama kuelekea mfereji kwa sentimita 2 kila mita, la sivyo maji ya sabuni yatatuama siku zote. Paka mbao oili kidogo zisigande.

Dakika chache kabla ya kumwaga, lowesha kifusi. Kiwe na unyevu bila vidimbwi. Kifusi kikavu hunyonya maji ya zege kutoka chini.

Kuchanganya, hatua kwa hatua

Usichanganye mfuko mzima mara moja. Nusu mfuko kwa mara moja ndicho kiasi ambacho watu wawili wanaweza kukigeuza vizuri bila kuchoka na kuanza kudanganya. Kwa nusu mfuko vipimo ni hivi, kwa ndoo ya lita 10: saruji ndoo moja na robo tatu, mchanga mkavu ndoo tatu na nusu (ukiwa na unyevu ongeza kadiri jaribio lilivyokuonyesha), kokoto ndoo saba.

Tafuta jukwaa gumu, safi, lisilonyonya maji: sakafu ya zamani, bati lililonyooka, au mbao zilizobanana. Kuchanganya juu ya udongo mtupu ni kuongeza udongo ambao umetoka kuuhangaikia kwenye chupa. Lowesha jukwaa kidogo kisha lipanguse.

1. Mwaga mchanga utandae kama kitanda, kimo cha sentimita 10 hivi. Mimina saruji juu yake kwa usawa.

2. Watu wawili wasimame wakitazamana, rundo katikati. Kila mmoja aingize beleshi chini kabisa hadi liguse jukwaa, anyanyue, ageuze kuelekea upande mmoja. Rundo zima likihama ni mzunguko mmoja. Rudisheni. Fanyeni hivyo mara tatu au zaidi, hadi rangi iwe kijivu kimoja. Ukiona mistari ya rangi ya mchanga, bado. Hatua hii ya ukavu ndiyo wengi wanairuka, na haina mbadala, kwa sababu saruji isiyosambaa kabla ya maji hugeuka madonge baada ya maji.

3. Tandaza tena, mwaga kokoto juu, geuzeni mara mbili au tatu.

4. Fanya rundo, kisha fungua shimo katikati kama kreta, kingo zake ziwe nene. Mimina humo nusu ya maji uliyopanga. Sukumeni kingo ndani taratibu kutoka kwa ndani, mkizunguka. Maji yasipate mwanya wa kutoroka, kwa sababu yakitoroka yanaondoka na saruji.

5. Maji yakishanyweka, anzeni kugeuza kama mwanzo, huku mmoja akinyunyiza yaliyobaki kidogo kidogo. Mara tatu zaidi. Kila kokoto ivae koti la kijivu. Ikionekana nyeupe mahali popote, endeleeni.

Maji yenyewe kiasi gani?

Saruji ili igeuke jiwe inahitaji maji ya takriban robo ya uzito wake. Kwa kilo 25 ni kama lita 6 tu. Lakini kwa kiasi hicho mchanganyiko haugeuziki, basi tunaongeza mengine ili ulainike. Hayo ya ziada hayaingii kwenye jiwe. Yanatoka polepole kwa kukauka, na mahali yalipokuwa panabaki vinjia vyembamba visivyoonekana kwa macho. Vinjia hivyo ndivyo udhaifu: humo maji na chumvi hupita, na humo nguvu hupotelea. Mwaka 1918 mhandisi Duff Abrams wa Lewis Institute, Chicago, alionyesha kwa majaribio mengi kwamba kwa viungo vile vile nguvu ya zege inategemea uwiano wa maji kwa saruji: maji yakipanda, nguvu inashuka. Zaidi ya miaka mia imepita na kanuni hiyo bado inaongoza kazi.

Kwa hiyo weka kikomo. Nusu ya uzito wa saruji ni lengo jema: kilo 25 za saruji kwa lita 12.5 za maji. Kwa mkono unaweza kufika lita 13.5, pasizidi 14. Na humo yamo maji yaliyokuwa tayari kwenye mchanga. Mchanga ukiwa na unyevu, anza na lita 9, angalia, ongeza nusu lita kwa nusu lita.

Zege likikaa kwenye kikomo na bado ni gumu kugeuza, dawa si maji. Geuza tena, kwa sababu mara nyingi linalainika lenyewe likichanganyika. Likigoma kabisa, tengeneza uji wa saruji na maji kwa uwiano ule ule, kilo moja kwa nusu lita, uongeze. Ukiongeza saruji pamoja na maji, uwiano haubadiliki. Ukiongeza maji peke yake, umeuza nguvu ya sakafu ili upumzishe mkono.

Kujua kama limekuwa sawa, piga rundo kwa mgongo wa beleshi. Uso wake ulainike na kung'aa kidogo, bila maji kuchuruzika pembeni. Kisha jaza ndoo ndogo ya plastiki, shindilia, ipindue juu ya ubao na uinyanyue taratibu. Zege lifutuke na kushuka kiasi: likisimama kimo kile kile kama keki ni kavu mno, likitawanyika ni maji mengi. Wahandisi hufanya jambo hilo hilo kwa koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, na kwa sakafu ya namna hii wangependa ishuke milimita 50 hadi 75.

Kumwaga na kushindilia

Tangu maji yalipogusa saruji, saa imeanza. Kwenye jua kali lipe zege dakika 30, kivulini 45. Mwaga kuanzia pembe ya mbali ukirudi nyuma, kila karai limwagwe kwa kuegemea lililotangulia, usilisukume kutoka mbali, maana kokoto hubaki nyuma na uji hutangulia. Wakati mmoja anasawazisha, mwingine awe ameanza kugeuza viungo vikavu vya nusu ya pili, ili zege jipya likute la kwanza bado bichi. Yakikutana moja limeshashika, patabaki mstari ambao siku moja utakuwa ufa.

Zege lililomwagwa tu lina hewa nyingi. Lichome kwa kipande cha nondo kila mahali, hasa kandokando na kwenye pembe, na gonga mbao za nje kwa nyundo. Usipofanya hivyo, siku ya kuvua mbao utakuta matundu kama masega ya nyuki. Kisha shika ubao ulionyooka, uegemeze juu ya mbao mbili za pembeni, uukokote huku ukiupeleka kushoto na kulia kama msumeno. Palipo na shimo ongeza zege, si uji.

Baada ya muda maji membamba yatapanda juu na kung'aa. Subiri. Usiyarudishe ndani kwa mwiko, na wala usinyunyize saruji kavu ili kuyanyonya. Tabaka hilo la juu litakuwa dhaifu, litatoa vumbi na kujaa nyufa ndogo. Mng'ao ukitoweka na kidole kikiacha alama ndogo tu, piga kibao cha kusawazishia kwa mizunguko. Kwa mahali pa kufulia uso wa kibao unafaa kuliko uso wa niru unaoteleza kwa sabuni. Ukitaka mkwaruzo zaidi, buruta ufagio mgumu mara moja kuelekea mfereji.

Chagua jioni kwa kazi hii kama unakaa mahali penye upepo na ukavu. Upepo hunyakua maji ya juu kabla zege halijashika, na nyufa huonekana siku hiyo hiyo. Mvua ikitishia, nailoni iwe karibu.

Kumwagilia

Watu husema zege limekauka wakimaanisha limekomaa, na hapo ndipo linapotelekezwa juani. Zege halikomai kwa kukauka. Hukomaa kwa saruji kuendelea kula maji, na likikauka mapema kazi hiyo inasimama. Mara tu uso unapoweza kubeba gunia bila kuchorwa, funika kwa magunia yaliyolowa, juu yake nailoni, kandokando mawe. Lowesha asubuhi na jioni, na mchana pia kama magunia yanakauka. Njia nyingine ni kuzungushia tuta dogo la udongo mfinyanzi na kujaza maji ya kimo cha sentimita 2 au 3.

Siku saba ndicho kiwango cha chini. Kwa saruji yenye pozolana ningeenda hadi siku 14, kwa sababu ndiyo inayochelewa zaidi. Zege la saruji ya kawaida lililotunzwa huwa na karibu theluthi mbili ya nguvu yake siku ya saba. Nyingine huja hadi siku ya 28 na baadaye. Mbao za pembeni unaweza kuzivua kesho yake au siku ya pili, kwa uangalifu, bila kuziegemeza kwenye kingo.

Kwa kazi ndogo zaidi

Nguzo ya uzio yenye shimo la sentimita 30 kwa 30 na kina cha 60 hula lita kama 48 ukitoa nafasi ya nguzo yenyewe ya sentimita 10 kwa 10. Ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto hutoa lita 45 hivi, basi shimo moja linakaribia kujaa; maji lita 7, yasizidi 8. Kiasi hiki kinachanganyika ndani ya toroli kwa jembe: viungo vikavu kwanza, ukivuta kuelekea kwako na kusukuma, halafu maji kwa mafungu. Pembe za toroli huficha unga mkavu, zikwangue mara mbili tatu.

Turubai nalo linafaa mahali pasipo na sakafu. Watu wawili washike pembe, wainue upande mmoja zege lijiviringe hadi upande wa pili, kisha warudishe, mara kumi hadi kumi na tano. Linachanganya vizuri kwa kiasi cha robo mfuko au chini yake. Zaidi ya hapo migongo itaumia na turubai litatoboka.

Mahali ambapo beleshi lisiingie bila mhandisi ni nguzo zinazobeba ghorofa, mihimili na sakafu za juu. Humo kila mchanganyiko unapaswa kuwa sawa na wenzake na kupimwa kwa vipande vya majaribio, na maisha ya watu yako chini yake.

Vyombo vioshwe kabla chai haijanywewa. Zege likishaganda kwenye beleshi huongeza uzito wa kila mzigo wa kesho. Maji ya kuoshea yasiende kwenye bustani wala mfereji wa mtaa, yamwage kwenye shimo la kifusi. Zege lililobaki limimine ndani ya makopo uliyoyapaka oili, uwe na vitalu vya kuinulia pipa la maji. Na sakafu yako ya kufulia ianze kukanyagwa kwa miguu baada ya siku mbili, beseni na ndoo zirudi baada ya saba, lakini kama unapanga kusimamisha tangi juu yake, tangi lisubiri siku 28.